Mlango wa pikapu unagonga njiani: anza na bawaba, loki iache mwisho

Swali: "Shikamoo fundi. Nina pikapu ya milango miwili, ya zamani kidogo. Nabebea dagaa na kayabo (samaki wa chumvi) kutoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda upande wa Sengerema. Mlango wa dereva unagonga. Kwenye lami hausikiki sana, na juu ya daraja la Kigongo–Busisi ni kimya kabisa, ila nikiingia barabara ya vumbi ni kwakwakwa mpaka nafika. Kuufunga mpaka niubamize, na mara mbili umefunguka wenyewe kwenye kona. Fundi mmoja alisogeza kile chuma kinachoshikwa na loki, ukatulia siku nne, sasa ni mbaya kuliko mwanzo. Mwingine ananiambia ninunue mlango mzima. Nifanyeje?"

Marahaba, binti yangu.

Nianze na hilo la mlango kufunguka kwenye kona, maana haliwezi kungoja. Loki ya mlango wa gari inauma kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ya kinga tu, ili mlango usiachie moja kwa moja. Hatua ya pili ndiyo mlango umefunga. Mlango ulioshuka mara nyingi unaishia hatua ya kwanza. Ukiutazama kwa nje unaona umefunga, kumbe umening'inia. Mpaka utakapotengenezwa, kila ukifunga sikiliza milio miwili, halafu usukume kwa kiganja kutoka ndani kabla ya kuondoa gari. Ukicheza, fungua ufunge upya. Mkanda ufunge hata kama unakwenda Pasiansi tu. Na nakuomba sana, usiufunge mlango kwa kamba. Nimeona wengi wakifanya hivyo, wengine wanaingia nao kwenye kivuko. Siku ya ajali kamba ile ndiyo inayokuzuia kutoka, na anayekuja kukuokoa kwa nje hana kisu mkononi.

Mlango mzima usinunue. Huo mpya utautundika kwenye bawaba zilezile, na baada ya wiki utagonga vilevile.

Sasa tuje kwenye kile chuma alichosogeza fundi wako. Ni chuma chenye umbo la U, kimefungwa kwa skrubu mbili kwenye nguzo ya bodi nyuma ya kiti chako. Ndicho loki inachokiuma. Kukisogeza ni kazi ya dakika tano, ndiyo maana kila fundi anaanza nacho. Lakini chuma hicho hakikuwekwa pale kubeba mlango. Mlango unabebwa na bawaba mbili za mbele. Bawaba zikilika, mlango unashuka nyuma, loki inakikuta chuma cha U ikiwa chini ya mahali pake. Fundi akikishusha chuma ili kiufuate mlango ulioshuka, loki inauma vizuri siku hiyo. Ila bawaba bado zinalika, mlango unaendelea kushuka, na sasa hata alama ya mahali pa asili imepotea. Siku zako nne za utulivu ndiyo hizo.

Hebu chukua rula upime mwenyewe. Tuseme bawaba ya juu na ya chini zimeachana sentimita 40, na kutoka kwenye bawaba hadi kwenye loki ni mita 1. Pini ikilika milimita 1 tu, ncha ya nyuma ya mlango inashuka milimita 2 na nusu. Milimita 2 na nusu pale kwenye loki ni tofauti ya mlango unaofunga kwa kidole na mlango unaobamizwa. Na kila unapoubamiza, pini inalika zaidi.

Kwa nini ni wa dereva na si wa abiria? Kwanza ndio unaofunguliwa mara nyingi zaidi. Pili, na hili naliona sana Kirumba, ni wakati wa kufunga mzigo. Kijana anataka kurusha kamba juu ya magunia, anafungua mlango wa dereva, mguu mmoja anaukanyagia kizingiti, mkono mmoja anaushika juu ya mlango, anajivuta. Sehemu kubwa ya kilo zake 70 inaning'inia kwenye pini mbili zenye unene wa kidole chako kidogo. Mlango haukutengenezwa uwe ngazi. Wanunulie vijana wako kibao cha kukanyagia, itakusaidia kuliko spea yoyote nitakayoitaja hapa.

Kabla mtu yeyote hajashika spana, fanya jaribio hili. Simamisha gari mahali tambarare, bila mzigo. Fungua mlango nusu. Shika chini ya ncha ya nyuma kwa mikono miwili, unyanyue na uushushe taratibu, huku mwenzako amechuchumaa mbele akiangalia bawaba kwa tochi. Awe na macho makali, maana anachotafuta ni kidogo. Akiona bamba la bawaba linatembea juu ya rangi ya bodi au ya mlango, bolti zimelegea, na una bahati. Akiona mabamba yote yametulia ila pini inacheza ndani ya tundu lake, bawaba imelika. Na akiona chuma cha nguzo chenyewe kinajikunja kama ngozi ya ngoma, au rangi imepasuka nyufa nyembamba kuzunguka bawaba, hapo nguzo imechoka, na kazi ni ya fundi bodi, akate, aimarishe, achomelee. Hili la tatu hutokea zaidi kwenye gari zilizobeba kupita kiasi kwa miaka.

Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini utakuta la pili: pini zinacheza.

Bolti zikiwa ndizo zimelegea, usizikaze tu palepale mlango ulipo. Utakuwa umekaza kosa. Chora mstari kwa msumari kuzunguka kila bamba la bawaba ili ujue ulikoanzia. Weka jeki chini ya mlango karibu na ncha ya nyuma, juu yake kipande cha ubao na kitambaa ili usikwaruze rangi. Legeza bolti za bawaba moja, si zote, nyanyua jeki kidogo sana, kaza, kisha fanya ya pili. Mwendo wa milimita 2 au 3 unatosha. Ukimaliza tazama ule uwazi kati ya mlango na bodi, juu, nyuma na chini. Unatakiwa ulingane kila mahali. Ukiwa mwembamba juu kwenye kona ya nyuma na mpana chini, umenyanyua kupita kiasi. Kinyume chake, mlango bado umelala.

Pini zikiwa zimelika kuna njia mbili. Bawaba nyingi za magari ya Kijapani pini yake imefungwa moja kwa moja kiwandani, huitoi ukaweka nyingine kirahisi, kwa hiyo watu hununua bawaba nzima. Ukinunua zilizotumika, shika bamba mbili kwa mikono miwili uzitikise kama unavyojaribu jino. Ikicheza hata kidogo iache hapohapo mezani. Bawaba nzuri inakuwa nzito kidogo kuikunja. Angalia pia uwe umepewa ya juu na ya chini, za upande wa kulia, maana mara nyingi hazifanani.

Njia ya pili ni kwenda kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma. Anatoa pini ya zamani, anapanua tundu liwe mviringo safi, anaingiza bushi ya shaba (kibomba kifupi kinachovaa pini) na pini mpya iliyochongwa kwa kipimo. Ikifanywa na mtu makini inadumu sana. Asichokubaliwa kufanya ni kuipiga pini weldi ili isicheze. Bawaba iliyochomelewa haigeuki. Ukifungua mlango kwa nguvu, kitakachogeuka ni chuma cha nguzo.

Kubadili, badilisha bawaba moja baada ya nyingine huku mlango umekaa kwenye jeki. Ukivua zote mbili utahitaji watu wawili wa kuushika mlango, na waya wa spika utakatika. Kwenye baadhi ya pikapu bolti za upande wa bodi zinafikika mlango ukiwa wazi. Nyingine mpaka ufungue kava la pembeni ya miguu ya dereva.

Sasa loki. Ili ujue mlango umening'inia sawasawa, vua kwanza kile chuma cha U. Nyuma yake, ndani ya nguzo, kuna kibamba chenye nyuzi kinachopokea skrubu. Mara nyingi kimezuiliwa kisidondoke, lakini usibahatishe: skrubu ya kwanza ikitoka, ingiza waya mwembamba uliokunjwa ncha kwenye tundu lake, ukishike kibamba, ndipo utoe ya pili. Skrubu hizo ni ngumu. Bisibisi ya nyota ndogo itazikata vichwa. Tafuta ile kubwa inayojaa kwenye tundu, igonge nyundo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha.

Chuma kikiwa kimetoka, funga mlango taratibu kwa mkono. Hakuna kinachoushika sasa isipokuwa raba inayouzunguka na bawaba, kwa hiyo unakuonyesha mahali ambapo wenyewe unataka kukaa. Kama unaingia kwenye nafasi yake bila kupanda wala kushuka, bawaba zako ziko sawa. Kama bado unagusa chini, rudi kwenye bawaba. Watu wengi wanaruka hatua hii. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo niliiruka, nikamrudishia mteja gari mlango ukiwa umefunga vizuri mbele ya gereji, akarudi baada ya siku mbili kutoka Magu, hana furaha, na alikuwa na haki.

Rudisha chuma cha U, skrubu zibane kiasi cha kukishika tu. Funga mlango, ufungue bila kuugusa zaidi. Loki yenyewe itakuwa imekisukuma kikakaa katikati yake. Kaza. Kama mlango bado unacheza ukiusukuma kwa kiganja kutoka nje, sogeza chuma kuelekea ndani ya kebini milimita 1, ujaribu tena. Milimita 1, siyo 5. Mlango uliofunga vizuri unalingana uso na bodi ya nyuma yake. Pitisha kidole kwenye uwazi, usihisi ngazi.

Kipo kipimo rahisi cha kujua kama kelele inatoka hapo kwenye loki. Zungushia chuma cha U tepu ya umeme, raundi mbili, kisha nenda barabara ya vumbi. Kelele ikipungua sana, ujue chuma na loki vinagongana. Vyuma vingi vya U huja na kifuniko cha plastiki au raba, na kikiisha chuma kinagonga chuma. Tepu ni ya kupimia tu. Itakatika baada ya siku chache.

Na loki yenyewe ipime. Mlango ukiwa wazi, chukua bisibisi, sukuma ule ulimi wa loki kama vile umefunga: klik, klik. Utikise ulimi kwa bisibisi. Ukicheza ovyo, loki imelika na inabadilishwa. Halafu, tafadhali, vuta kitasa cha nje ulimi uachie kabla hujafunga mlango. Ukisahau, ulimi uliofunga utagonga chuma cha U na utavunja kimoja kati ya hivyo viwili. Loki chafu isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, iache ikauke, ndipo uweke grisi kidogo. Kwenye vumbi letu grisi nyingi inageuka kuwa msasa. Oili chafu ya injini usiweke.

Raba ya mlango nayo ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Siyo ya kuzuia mvua tu. Inausukuma mlango kwenda nje huku loki ikiuvuta ndani, na kati ya nguvu hizo mbili mlango unatulia. Raba ikilala na kukakamaa, mlango hauna kinachousukuma, unabaki kuchezea loki. Weka kipande cha karatasi, funga mlango, kivute. Kikitoka kama kimepakwa mafuta, hapo raba haibani. Zunguka mlango mzima hivyo, hasa kona ya juu nyuma. Ukibadilisha raba, anza chini, ipachike kwa kiganja bila kuivuta, maana raba iliyovutwa inarudi na kuacha pengo. Wiki ya kwanza mlango utakuwa mgumu kufunga. Usikimbilie kulegeza chuma cha U, raba itajishusha. Raba nzuri iliyoanza kukauka ipake glisarini ya duka la dawa kwa kitambaa. Usiipake petroli wala grisi, inaoza.

Inawezekana ukafanya yote hayo na kelele ikabaki. Basi haiko kati ya mlango na gari, iko ndani ya mlango. Endesha kwenye vumbi kioo kikiwa juu kabisa, kisha katikati, kisha chini kabisa. Sauti ikibadilika, ni kioo: ama raba zake zenye manyoya zimeisha, ama bolti zinazokishika kwenye mashine ya kioo zimelegea. Isipobadilika, simamisha gari, upige mlango kwa ubavu wa ngumi, chini, katikati, juu, usikilize.

Kufungua kava la ndani, shida huwa ni mkono wa kuzungushia kioo, maana hauna skrubu inayoonekana. Umeshikwa na kijichuma cha springi nyuma yake. Chukua utepe wa kitambaa kigumu, upitishe nyuma ya mkono huo, uvute kushoto kulia kama unasugua kiatu. Springi itaruka. Weka mkono mwingine kuidaka, vinginevyo utaitafuta mpaka jioni. Kava lenyewe litoe klipu moja moja, na nailoni iliyo nyuma yake usiichane. Inazuia maji ya mvua yasiingie kwenye kebini.

Ndani angalia vijiti vinavyotoka kwenye kitasa kwenda kwenye loki. Kila kimoja kinashikwa na klipu ndogo ya plastiki, na zikivunjika vijiti vinapiga bati. Kisha ingiza mkono mpaka sakafuni mwa mlango. Niliwahi kupokea pikapu iliyobadilishwa bawaba na loki, na bado inalia. Kwenye kona ya chini nilitoa nati moja, magamba ya sangara na mchanga uliolowana wa kujaza kikombe. Nati ile ndiyo ilikuwa ikilia.

Mchanga huo unanileta kwenye kayabo. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, ndiyo maana magari ya Mwanza hayaozi kama ya pwani. Lakini kayabo ni samaki wa chumvi, na chumvi yake ikishika unyevu inakula bati vilevile kama ya bahari. Chini ya mlango kuna vitobo vya kutolea maji. Vizibue kwa kijiti, mwaga maji safi kwa juu penye kioo, yaone yakitoka. Kona ya chini ikishaoza, ngozi ya nje ya mlango inaachana na ya ndani, na huo ni mgongano ambao hakuna bawaba itakayouponya. Siku za kayabo osha pia bawaba na loki kwa maji baridi, kausha, tone moja la oili kwenye kila pini.

Jambo moja tu limebaki, na lipime ukiwa Kirumba. Gari likiwa tupu, tazama uwazi wa juu wa mlango kwenye kona ya nyuma. Pakia, tazama tena. Ukibadilika waziwazi, au ukiona na mlango wa abiria umeanza kuwa mgumu mzigo ukiwepo, kagua raba zinazobeba kebini juu ya chesisi, yaani fremu ya chini ya gari. Zikishalala, kebini inajipinda kila chesisi inapojipinda, na mlango mzuri kabisa utaonekana mbovu. Raba hizo zinabadilishwa zote kwa pamoja.

Kwa hiyo mwambie fundi wako afuate mpangilio huu: anyanyue mlango atazame pini, arekebishe bawaba, avue chuma cha U aone mlango unakaa wapi, akirudishe, ndipo aguse raba. Akianza na chuma cha U, chukua funguo zako. Kazi ikiisha, endesha wiki moja ya safari zako za kawaida za Sengerema, kisha rudi akaze tena bolti zote za bawaba na skrubu mbili za chuma cha U. Bolti iliyosogezwa inahitaji kukazwa mara ya pili baada ya kupita kwenye rafu.